Kitambaa cha kuzuia tope kwenye mjengo: Nakuru kinafaa, lakini si kila mahali

Kile kitambaa cheusi cha plastiki iliyofumwa, kinachosimamishwa kwa vigingi kwenye mpaka wa chini wa kiwanja kabla msingi haujachimbwa, kina kazi moja tu: kupunguza mbio za maji ya mvua ili mchanga na udongo mzito utuame. Kwa kazi hiyo ni bidhaa nzuri. Tatizo ni mwenye mjengo anayekinunua ili masharti ya leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, yaonekane yametimizwa, kisha akaamini kuwa maji ya visima nayo yamekingwa.

Ukienda dukani, chukua kilichofumwa. Kile laini kama blanketi ni kizuri kutandikwa chini ya mawe ya mtaro, lakini kikisimamishwa kama ua huzibwa upesi na majivu ya volkano, na maji hukiruka au hukiangusha. Neti ya kivuli ni ya miche. Tope hupita kana kwamba hakuna kitu. Magunia yaliyoshonwa pamoja hukatikia kwenye mishono.

Ubora wa kitambaa hauna maana kikiwekwa ovyo. Chimba mfereji wa kina cha sentimita 15 na upana huohuo, ukifuata usawa wa ardhi, si mstari wa mpaka. Vigingi viwe upande wa bonde, kila baada ya mita 2 hivi, ili maji yakisukuma, kitambaa kiegemee kigingi badala ya kung'oka misumari. Pindo lishuke mfereji mzima, udongo urudishwe na kushindiliwa. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: fundi hurundika udongo juu ya pindo bila kuchimba, mvua ya Aprili inapiga, maji yanapenya chini, na asubuhi ua umesimama wima huku tope lote liko barabarani. Ncha mbili nazo zipinde kupanda mlima, la sivyo maji huzunguka pembeni.

Mita 30 za kitambaa hubeba maji ya eneo la hekta 0.1, si zaidi. Kiwanja cha nusu ekari (hekta 0.2), chenye takriban mita 45 kila upande, kinahitaji basi mistari miwili: mmoja chini, mwingine katikati. Tope likifika theluthi ya kimo cha ua, litolewe. Kwa viwanja vya ekari 10 na zaidi kitambaa peke yake ni mzaha. Marekani kipimo cha kawaida ni bwawa la kutulizia tope lenye takriban mita za ujazo 250 kwa kila hekta.

Sasa maji ya chini. Nakuru hunywa maji ya visima, vya Kabatini vikiwemo, na ardhi yake ni majivu na mawe mepesi ya volkano yaliyokatwa na nyufa. Kitambaa hakichuji dizeli. Hakichuji maji ya kuoshea mashine ya zege, ambayo pH yake (kipimo cha asidi na alkali; maji safi ni 7) hukaribia 12. Baya zaidi, maji yanayotuama nyuma ya ua hunywewa na udongo palepale. Ua ukipita juu ya ufa, umeutengenezea ufa karai la kunyweshea, nao hupanuka. Kwa hiyo kiwanja kikaguliwe kwa miguu kwanza, ua usogezwe mbali na nyufa, na tuta liinuliwe upande wa juu kuyageuza maji safi kabla hayajafika kwenye udongo uliochimbuliwa. Shimo la kuoshea zege litandikwe karatasi nzito ya bwawa. Tangi la dizeli likae ndani ya ukuta unaoweza kubeba asilimia 110 ya ujazo wake.

Huko Texas, juu ya tabaka la maji ya chini ya ardhi la Edwards, mpango wa kuzuia uchafuzi huidhinishwa kabla ya ujenzi kuanza, na pango au ufa ukigunduliwa katikati ya kazi, shughuli zilizo karibu nao husimama mara moja na mamlaka hujulishwa. Kwa ardhi kama ya Nakuru, kontrakta makini angefanya hivyo bila kungoja kulazimishwa.

Jua la huku hukichosha kitambaa baada ya miezi sita hivi. Mjengo wa mwaka mzima upangiwe bajeti ya kununua mara mbili, na ua usiondolewe kabla nyasi hazijashika.