Uzoefu Wangu: Mahojiano ya Kazi ya Mauzo katika Kampuni ya Bima Jijini Nakuru

Tangazo nililoliona lilisema kwamba kampuni ya kifedha inatafuta "washauri wa masuala ya fedha" wa kuhudumu Nakuru na viunga vyake, kwamba uzoefu si lazima, na kwamba mapato yanaweza kufika shilingi 60,000 kwa mwezi. Neno bima halikuwamo. Neno mshahara pia halikuwamo, ingawa mimi, kwa kiu ya kazi niliyokuwa nayo, nilisoma mapato nikaelewa mshahara, na kosa hilo nalikiri mapema kwa sababu mengi nitakayoyasimulia yanatokana nalo. Kampuni yenyewe sitaitaja. Inatosha kusema kwamba ni kampuni halali, maana kabla ya kwenda nilitafuta jina lake katika orodha ya kampuni zenye leseni ambayo Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, huichapisha kwenye tovuti yake, nikalikuta.

Kwa miaka minne nimekuwa nikihudumu katika duka la M-Pesa mtaani Free Area. Kamisheni si jambo geni kwangu, isipokuwa kwamba pale dukani kamisheni ni ya mwenye duka nami hulipwa kiasi kilekile kila mwisho wa mwezi, wateja wawe wengi au wachache. Katika wasifu wangu niliandika kwa fahari kwamba huwahudumia watu zaidi ya mia moja kwa siku. Sikujua kwamba sentensi hiyo ndiyo ingesomwa kuliko zote.

Niliitwa kwa ujumbe mfupi wa simu nifike Jumanne saa mbili asubuhi, ghorofa ya nne ya jengo moja kwenye barabara ya Kenyatta, nikiwa na nakala za kitambulisho, vyeti vya masomo, PIN ya KRA, yaani mamlaka ya kodi, na cheti cha polisi cha maadili mema. Hicho cha mwisho nilikuwa nimekiomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa shilingi 1,050, nikaenda kuchukuliwa alama za vidole. Ninawashauri wanaotafuta kazi wasisubiri waitwe ndipo wakiombe.

Tulikuwa watu 23 katika chumba chenye viti 16. Kwenye benchi la nyuma niliketi karibu na mama mmoja aliyetoka Gilgil kwa matatu ya alfajiri, mwenye umri wa kunizaa, ambaye alikuwa ameuza mitumba kwa miaka mingi na ambaye, tofauti na sisi wengine, hakuonyesha wasiwasi wowote. Aliniuliza jina, mtaa na kazi yangu. Kisha akasema, "Nipe nambari yako mwanangu, tusipoteane." Nikampa.

Aliyetupokea ni meneja wa kitengo, kijana nadhifu mwenye ulimi mwepesi, naye kwa muda wa takriban saa nzima alizungumza bila karatasi. Alitueleza bima ya maisha, bima ya elimu na bima ya gharama za mazishi, akasema kwamba malipo yote ya bima nchini Kenya hayafiki asilimia 3 ya pato la taifa, na kwamba kwa hiyo asilani tusiogope kuwa wengi chumbani humo. Sina budi kumpa haki yake: nimehudhuria mafunzo ya kulipia ambayo hayakunipa nusu ya nilichopata pale bure. Alichokikwepa ni namna sisi wenyewe tungelipwa. Mtu mmoja aliponyosha mkono kuuliza, aliambiwa kwamba hilo "litafunguka" katika mahojiano ya mmoja mmoja.

Kabla ya hayo mahojiano tuligawiwa fomu, nayo ndiyo iliyonisukuma kuandika haya. Ilikuwa karatasi ndefu zilizobanwa pamoja, zenye mistari iliyopewa nambari kuanzia 1 hadi 100. Kila mstari ulikuwa na nafasi ya jina, simu, kazi, kadirio la mapato, hali ya ndoa, idadi ya watoto, na mwishoni kisanduku kidogo cha kumpanga mtu huyo katika daraja A, B au C kulingana na uwezo wake wa kulipa. Tulipewa dakika arubaini. Tuliambiwa kwamba hilo ni jaribio la kupima upana wa mtandao wetu.

Majina ishirini ya kwanza yalimiminika yenyewe: mama, ndugu zangu wawili, shangazi wa Subukia, mwenye duka, wale niliosoma nao. Kuanzia hapo nikaingia kwa wenzangu wa chama cha kuweka akiba, kisha mwalimu wangu wa kidato cha nne, kisha mwenye nyumba, ambaye nilimpa A bila kufikiri kwa sababu mimi mwenyewe humlipa kila mwezi. Nilipofika mstari wa 34 nilikuta nimeanza kumwandika mama anayeniuzia sukuma wiki karibu na stendi. Jina lake halisi silijui, namwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. Lakini ile nafasi ya idadi ya watoto ningeweza kuijaza, kwa kuwa kila mwanzo wa muhula huja dukani nimsaidie kulipa karo kwa simu, na huwa ananong'ona kiasi ili walio nyuma yake wasisikie. Nilikuwa karibu kumweka daraja C. Nikaiweka kalamu chini. Nilipotupa jicho pembeni, mama wa Gilgil alikuwa amevuka sitini na bado anaandika, ulimi umetokeza kidogo mdomoni kama mtoto wa darasa la pili.

Zamu yangu ilifika saa sita kasorobo. Ofisini walikuwa wawili, yule meneja na mama mmoja ambaye nadhani alikuwa meneja wa tawi, kwani yeye hakuzungumza sana ila aliandika. Swali la kwanza sikulitarajia: "Dada, kwa siku moja umewahi kukataliwa mara ngapi?" Nilijibu kwamba dukani hakuna anayenikataa mimi, bali mimi ndiye huwakataa wateja pale salio linapoisha, na matusi huwa yangu hata hivyo. Wakacheka, nami nikatulia.

Kisha meneja akaniambia nimuuzie bima ya elimu, yeye akiwa mkulima wa viazi wa Molo. Aliuvaa uhusika huo barabara. Akaegemea kiti, akakunja uso, akasema, "Pesa yote ya mvua hii nimeizika kwenye mbegu. Wewe unataka nizike nyingine kwako?" Nikaanza kumweleza faida, bonasi na miaka ya mkataba, naye akapiga miayo. Alipoona nimekwama alivua ukulima wake akanifundisha: usishindane na mtu kuhusu fedha ambazo hana, muulize karo ya Januari aliipata wapi. Akijibu kwamba aliuza viazi kwa bei ya hasara ili mtoto asirudishwe nyumbani, basi ameshakueleza mwenyewe kwa nini anahitaji kuweka akiba kila anapovuna. Hiyo ni elimu, na naikumbuka hadi leo.

Walipouliza iwapo nina swali, niliuliza moja tu: "Mtanikata NSSF?" Nalipendekeza swali hili kwa yeyote anayekwenda katika mahojiano ya aina hii, kwa sababu ukiuliza mshahara utajibiwa mapato, lakini makato hayana jina la pili. Mwajiri aliyekuajiri hukata NSSF, yaani akiba ya uzeeni, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF na asilimia 1.5 ya tozo ya nyumba za gharama nafuu. Asiyekata hajakuajiri. Meneja akamtazama mwenzake, akatabasamu, akasema, "Hapo umeuliza."

Kuanzia hapo nilielezwa yote, na bila ya kufichwa. Ningekuwa wakala, si mwajiriwa. Ningelipwa kamisheni kwa kila mkataba, na KRA ingechukua asilimia 10 ya kamisheni hiyo kabla haijanifikia, hivi kwamba katika kila shilingi 6,000 ningepokea 5,400. Kwa miezi mitatu ya mwanzo kungekuwa na posho ndogo ya nauli, lakini kwa sharti la kufikisha lengo la mauzo, na usipolifikisha hakuna posho. Mteja akiacha kulipa mapema, kamisheni niliyokwisha kuila ingekatwa kutoka kwenye ya mteja mwingine. Ningelazimika pia kufanya mtihani wa cheti cha umahiri kwa mawakala wa bima ndipo nisajiliwe na IRA, na ada ya mtihani ingekuwa juu yangu. Sioni dhuluma katika lolote kati ya hayo, kwani ndivyo kazi ya uwakala ilivyo, na wapo waliojenga nyumba kwayo. Ninachouliza ni kwa nini hayakuandikwa katika tangazo, ili aliyekopa nauli ya kutoka Gilgil au Molo aamue akiwa bado kwake.

Hatimaye meneja akaichukua fomu yangu. Aliona imeishia 34, akaona pia kwamba safu ya simu nimeiacha tupu kuanzia juu hadi chini. Nilimweleza kwamba sijawauliza wenye nambari hizo. Hakukasirika. Alisogeza kiti karibu akasema kwa upole, "Lakini wewe ndiwe uliyetupendeza zaidi leo. Una kitabu cha M-Pesa. Majina na simu vyote vimo mle, mia moja kila siku."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini niliitwa. Kitabu kile huandikwa jina, nambari ya kitambulisho, simu na kiasi, na mteja huweka sahihi akidhani ameweka sahihi ya fedha zake tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zichukuliwe kwake mwenyewe, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, na sidhani kama hamu ya meneja kufikisha lengo ni mojawapo. Lakini hata sheria hiyo isingekuwapo, nisingeweza kusimama tena nyuma ya kile kidirisha nikamtazama mama wa sukuma wiki usoni. Nikawaambia kwamba kitabu si changu. Niliwaomba fomu yangu, wakanirudishia bila ubishi, na yule mama aliyekuwa akiandika akaniambia, "Ukibadili nia, uje." Nikamshukuru, nikashuka ngazi.

Kama ningetakiwa kutoa nyota, ningetoa tatu kati ya tano. Mbili ni za yule mkulima wa Molo, na moja ni ya kujibiwa ukweli nilipouliza. Mbili zilizobaki zimepotelea katika tangazo na katika ile fomu.

Wiki tatu baadaye simu yangu iliita kutoka kwa nambari nisiyoijua. Alikuwa ni mama wa Gilgil. Alinijulia hali, akaniuliza kama kazi ya duka inaendelea, kisha akataka kujua, kwa sauti ya mtu asiye na haraka, kama nina mtoto ninayemlipia karo. Nikacheka. Nilimuuliza nilikuwa nambari ngapi kwenye orodha yake, naye bila ya haya akasema 41, aliniandika palepale kwenye benchi nikiwa nimeinamia fomu yangu. Alikuwa amekwisha kuuza mikataba miwili, yote miwili kwa ndugu zake, na posho bado hajaiona. Nilimsikiliza hadi mwisho. Hakunitajia bonasi hata mara moja. Aliniuliza karo ya mdogo wangu ya Januari niliitoa wapi. Nimemwambia nitampa jibu mwisho wa mwezi.