Taa ya alama ya kutokea, LED ya pande mbili: inaeleweka upesi, betri ndiyo kasoro
Mtu wa kijani anayekimbilia mlangoni, alama ya ISO 7010 (kiwango cha kimataifa cha alama za usalama), anaeleweka hata na asiyejua kusoma. Hapo taa hii inazishinda zile za neno EXIT kwa nyekundu, rangi ambayo barabarani tumezoea kuisoma "simama". Paneli yenye kimo cha sentimita 15 huonekana hadi mita 30, yaani mara 200 ya kimo chake. Kasoro ni betri ya nikeli-kadimiamu: joto la darini huichosha mapema. Kata umeme kila mwezi uone kama inawaka. Mara moja kwa mwaka iache iwake kwa betri kwa muda wa saa 3 kamili. Stika ya mshale huja kando. Funga taa kwanza ndipo uibandike, la sivyo itawaelekeza watu stoo.