Modeli ya seli ya mnyama: vipokezi vyake vimenikosha roho
Nimefundishia modeli hii ya plastiki muhula mzima. Kiini kinachomoka, ribosomu (vijisehemu vinavyotengeneza protini) zimepakwa rangi vizuri, sawa. Lakini uhondo uko kwenye vipokezi vya utando, yaani sehemu za ngozi ya nje ya seli zinazopokea ujumbe: unachukua kipande cha insulini (homoni inayodhibiti sukari mwilini), unakipachika, nacho kinanasa kama ufunguo kwenye kufuli yake. Kijaribu kwenye kipokezi kingine, hakiingii ng'o! Hapo ndipo wanafunzi wangu walipoelewa kwamba insulini haihitaji kuingia ndani ya seli ili isikike. Ujumbe ndio unaopita, kisha milango ya kupitishia glukosi (sukari) inasogezwa hadi kwenye utando. Binti mmoja alirudia mara tano. Kilichoniuma ni mitokondria, vinu vya nishati vya seli: wamezipa utando mmoja, ilhali zina tando mbili, na wa ndani una mikunjo. Nimeichora mwenyewe kwa kalamu.