Seti ya kusokota sufu kwa mkono: vifaa ni vizuri, sufu yake ndiyo tatizo

Seti hii inauzwa Kampala kwenye maduka ya kazi za mikono. Ndani ya mfuko mna brashi mbili za kuchambulia zenye meno ya waya, pia moja ya mbao ya kusokotea (kijiti kinachoning'inia kwenye uzi na kuzungushwa ili kuusokota), nusu kilo ya sufu mbichi na karatasi moja ya maelezo. Kondoo wengi wa Uganda ni wa nywele, hawana sufu ya kusokota, kwa hiyo sufu ya humu ni ya Corriedale, aina ya kondoo wa sufu, kutoka Kenya.

Tuanze na kibaya. Sufu haikuchaguliwa kabla ya kufungwa. Tumekuta ya tumboni iliyogandamana na mavi, na vipande vifupi vya sentimita moja au mbili, vile vinavyobaki mkata manyoya anaporudisha mkasi mahali palepale. Vipande hivyo havisokotwi; hugeuka vidonge kwenye uzi. Tandaza sufu yote juu ya gazeti, ikung'ute, utupe vinavyodondoka. Kisha chukua kishungi kimoja, kishike ncha zote mbili karibu na sikio, ukivute kwa ghafla. Kikilia mlio safi, sufu ni imara. Ukisikia kama karatasi inachanika, nyuzi zinakatika katikati na hakuna ufundi utakaoziponya.

Karatasi ya maelezo inasema uoshe kwa maji baridi na usugue. Yote mawili ni makosa. Maji baridi hayayeyushi mafuta ya sufu, na kusugua kunaigandisha ikawa kama zulia. Weka gramu 250 kwenye mfuko wa wavu, chemsha maji, kisha uchanganye majagi 3 ya yanayochemka na 2 ya bomba. Hapo unapata kama nyuzijoto 65 za Selsiasi. Tia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, zamisha sufu kwa kuikandamiza taratibu, uiache dakika 15. Usiikoroge, wala usiifungulie bomba juu yake. Itoe maji yakiwa bado ya moto, kwa sababu yakipoa mafuta hurudi kwenye sufu, na safari hii yanang'ang'ania. Rudia kwa sabuni mara ya pili, kisha suuza mara mbili kwa maji ya moto uleule. Anika kivulini. Usishangae nusu kilo ikibaki gramu 300 na kidogo. Kilichopotea ni mafuta, jasho na vumbi.

Brashi ndizo zilizotufurahisha. Waya umepinda sawasawa, umeshikwa vizuri kwenye mpira, na meno yana nafasi inayofaa sufu ya kati kama hii. Pakia kidogo tu, kiasi cha kuona meno chini ya sufu. Pitisha brashi moja juu ya nyingine mara nne au tano, ncha zigusane kwa shida. Mkwaruzo wa waya kwa waya maana yake unakandamiza mno: unakata sufu na kuharibu meno. Ikishalainika, iviringishe itoke kama bomba jepesi, nyuzi zikizunguka.

Ile pia ya kusokotea ina gramu 45 kwenye mizani, uzito mzuri kwa anayejifunza kusokota uzi wa unene wa kati. Ina kasoro moja: ndoano ya juu haikai katikati ya mti, hivyo pia inayumba na kusimama mapema. Ipinde kwa koleo, polepole, mpaka sehemu uzi unaponing'inia iwe sawa na mti unapoutazama kutoka upande wowote. Tofauti inaonekana mara moja.

Funga uzi wa kuanzia wa nusu mita, shikanisha na sufu, zungusha pia kwa mwelekeo wa saa. Anayeanza aibane pia kati ya magoti baada ya kuizungusha, ndipo avute sufu. Vidole vya mkono wa juu visiruhusu msokoto kupanda juu kabla hujamaliza kuvuta, maana ukishaingia kwenye lile bomba la sufu hakuna kinachovutika tena. Uzi ukikatika pale ulipo mwembamba na mlegevu, umekosa msokoto. Ukijikunja vifundo, umezidi. Nyuzi mbili ukiziunganisha, zungusha kinyume cha saa, kisha loweka shada (uzi uliozungushwa kuwa kitanzi) dakika 20 kwenye maji ya uvuguvugu na ulitundike likauke.

Muuzaji anasema seti inafaa na pamba. Hapana. Nyuzi za pamba ni fupi mno kwa brashi hizi, zinataka meno ya karibu zaidi, na ile pia ya gramu 45 ikining'inia itakata uzi wake kila mara.

Uliza kama watakuuzia brashi na ile pia ya kusokotea bila ule mfuko wa sufu. Kama hawakubali, fungua mfuko uone sufu kabla ya kulipa.