Uzoefu wangu: Sinagogi ya El Tránsito, Toledo, ukuta unaotaka kusomwa

Mara ya kwanza nilikaa ndani ya El Tránsito, nyumba ya ibada ya Wayahudi wa zamani wa Toledo, Hispania, dakika 20. Mara ya pili nilikaa karibu saa tatu. Tathmini hii ni ya mara ya pili, ila nianze na ile ya kwanza, maana wengi wetu ndivyo tunavyofikishwa Toledo.

Nilikuwa Madrid kikazi, nikanunua nafasi kwenye safari ya kikundi ya siku moja. Basi, kiongozi mwenye kibendera, na mji mzima wa kuumaliza kabla ya magharibi. Tulipofika mtaa wa Samuel Leví, kiongozi alituonesha ukuta wa matofali usio na jambo, akasema ndani mna sinagogi ya karne ya 14, tuna dakika 20, kisha chakula. Niliingia, nikainua uso, na kabla sijajua macho yaanzie wapi nikaitwa nitoke. Hela yangu niliiona imekwenda bure. Jumamosi iliyofuata nikapanda treni peke yangu. Kutoka stesheni ya Atocha hadi Toledo ni kama nusu saa tu, na Jumamosi baada ya saa nane mchana kiingilio ni bure. Ile ya kwanza ilikuwa euro 3. Jumatatu hufungwa, msijisumbue.

Huo ukuta wa nje usio na jambo nao una habari yake. Sheria za Castilla, ufalme uliotawala Toledo wakati ule, hazikuwaruhusu Wayahudi kujenga sinagogi mpya bila idhini ya mfalme. Aliyejenga hii, Samuel ha-Levi Abulafia, alikuwa mweka hazina wa Mfalme Pedro I, na idhini hakuikosa. Ujenzi ulikamilika mwaka 1357 hivi. Hata hivyo kwa nje aliiacha matofali na mawe, kama jengo lolote la jirani. Uzuri wote aliuingiza ndani. Kwetu Lamu hilo halihitaji maelezo: unapita kichochoro, ukuta umekukazia uso, kumbe nyuma yake mna ukumbi wenye vidaka, vijishimo vya ukutani vya kuwekea vitu, kuanzia chini hadi juu.

Ndani ni chumba kimoja kirefu, zaidi ya mita 20, upana mita 9 na nusu. Hakuna hata nguzo moja ya kukuziba macho. Sehemu ya chini ya kuta sasa ni tupu, na ndiyo maana anayeingia kwa haraka anaona chumba kikubwa tu. Kazi yote iko juu ya kichwa chako. Kwanza mkanda mpana wa nakshi za majani unaozunguka kuta, na ndani ya majani hayo mna ngao zenye ngome na simba, alama za falme za Castilla na León. Juu yake safu ya matao madogo yenye kingo za mikunjo-mikunjo. Mengine yamezibwa, mengine ni madirisha yenye vimiani vinavyochuja mwanga. Juu kabisa dari ya mbao, iliyoinama pande zote kama jahazi lililopinduliwa, na mbao zake zimetiwa pembe za ndovu. Nendeni na darubini. Nasema kwa dhati: bila darubini nusu ya kazi hii hamtaiona.

Ukuta wa mashariki ndio ulionirudisha Toledo. Huo ndio upande wa Yerusalemu, wanakoelekea wanaposali. Katikati, chini, pana kidaka chenye matao matatu, na hapo ndipo magombo ya Taurati yalipowekwa. Juu ya kidaka ukuta umegawanywa paneli tatu kama mazulia matatu yaliyotundikwa. Ile ya katikati ni wavu wa maumbo ya almasi yaliyosukanasukana, na ndani ya kila tundu la wavu majani mengine yanaendelea. Za pembeni ni mimea iliyojaa mpaka pumzi ya ukuta huioni. Hapa na pale rangi za zamani zimesalia, nyekundu, buluu, kijani, kwa hiyo haya yote yaliyo meupe-meupe leo wakati wake yaliwaka.

Na kila penye ukingo pana maandishi. Ya Kiebrania ndiyo mengi. Kwenye kuta za pembeni yanakwenda aya baada ya aya, mengi ni Zaburi, yamezunguka ukumbi mzima. Sisomi Kiebrania, lakini kujua tu kwamba ni Zaburi ya Daudi kulinitosha kufuata mstari kwa macho kutoka kona hadi kona. Pembeni mwa kidaka mna maandishi ya kuwekea jengo wakfu: yanamsifu Mungu, yanamtaja Mfalme Pedro, yanamtaja Samuel.

Halafu, katikati ya majani, nikaona alif.

Nilidhani macho yangu yananidanganya. Nikasogeza darubini: alif, lamu, alif tena, zimesimama ndefu kama minazi na majani yamezizunguka. Kiarabu, kwenye sinagogi, iliyojengwa chini ya mfalme Mkristo. Herufi zimepambwa mno, nyingine zimefungwa fundo, na sikuweza kuyamaliza maneno. Nilichambua herufi moja moja kama mtoto wa chuoni siku ya kwanza. Nilisimama hapo muda mrefu. Hakuna aliyeniambia kuhusu hilo siku ile ya kikundi. Katika dakika 20 hakuna ambaye angeliona.

Sababu ni mafundi. Toledo ilichukuliwa na wafalme Wakristo mwaka 1085, lakini Waislamu waliobaki chini yao, wanaoitwa Mudehari, waliendelea kuwa mabingwa wa matofali, mbao na jasi kwa karne nyingi. Na Kiarabu kilikuwa lugha ya elimu ya Wayahudi wa Hispania wenyewe kwa muda mrefu. Musa bin Maimuni, mwanafalsafa wao mkubwa, aliandika falsafa yake kwa Kiarabu. Kwa hiyo mapambo haya hayakuazimwa kwa mgeni. Huyohuyo Mfalme Pedro, miaka michache baadaye, alijijengea kasri Sevilla kwa mtindo uleule, na Alhambra, kasri ya wafalme Waislamu wa Granada, ilikuwa inapambwa zama hizohizo. Ukishaiona moja, mkono wa nyingine unautambua.

Niliwatumia nyumbani picha. Ami yangu amefanya kazi ya chokaa tangu ujana wake, nikampigia.

“Shikamoo ami. Umeiona?”

“Marahaba. Nimeiona. Hii si chokaa.”

“Ni jasi.”

“Ndiyo. Angalia ncha za majani zilivyo kali. Chokaa yetu ya matumbawe inakungoja, unaichonga ukiwa umetulia. Jasi haikungoji, inakauka huku unaitazama. Huyo fundi mkono wake ulikuwa mwepesi.” Akanyamaza, kisha akauliza, “Na yale yanayojirudia, amechonga yote?”

Nikamwambia nimesoma kwamba mafundi wa jasi wa Hispania walichonga kwa kisu jasi ikiwa bado mbichi, na vipande vya kujirudia mara nyingi walivitoa kwenye kalibu. Akasema hapo sawa, kwa sababu mtu mmoja asingemaliza umri wake.

Mambo ya Samuel mwenyewe yanauma. Ukumbi ulikuwa na miaka mitatu tu hivi Mfalme Pedro, yuleyule aliyetajwa ukutani, alipomgeukia. Alikamatwa mwaka 1360, mali yake ikachukuliwa, naye akafa kwa mateso Sevilla. Mwaka 1391 mitaa ya Wayahudi ikashambuliwa Hispania nzima, Toledo ikiwemo. Mwaka 1492 Wayahudi wote wasiokubali kubatizwa wakafukuzwa. Wakatawanyika Moroko, milki ya Waturuki, Italia na kwingineko, na Kihispania chao wakaenda nacho. Wanaitwa Wasefardi kwa sababu Sefarad ndiyo Hispania kwa Kiebrania. Sinagogi wakapewa mashujaa wa Calatrava, shirika la kidini la wapiganaji Wakristo, wakaigeuza kanisa. Jina El Tránsito linatokana na zama hizo: mlikuwa na picha ya kufariki kwa Bikira Maria. Makaburi ya mashujaa hao bado yako ndani ya ukumbi, unayapita ukienda kwenye kidaka. Jengo likawa pia hifadhi ya nyaraka za shirika hilo. Lilitangazwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1877, na Makumbusho ya Kisefardi yaliyomo sasa yalianzishwa mwaka 1964.

Kilichonishangaza ni kwamba waliokuja baadaye hawakuyabandua yale maandishi. Kanisa liliendeshwa humo kwa karne nyingi, na Zaburi za Kiebrania zikiwa juu ya vichwa vyao wakati wote.

Pandeni pia kwenye roshani ya wanawake, upande wa kusini. Wengi niliowaona waliishia chini. Kutoka juu unakaribiana na nakshi za ukuta wa pili, na hapo ndipo nilipouelewa ule mkanda wa majani vizuri zaidi. Siku hizi roshani ina maonesho ya maisha ya Wasefardi: kuzaliwa, harusi, sikukuu. Kwenye vyumba vingine vya makumbusho msilipite beseni dogo la marumaru lililotoka Tarragona, lenye maandishi ya Kiebrania, Kilatini na Kigiriki, na tausi wamechongwa. Ni la kale kuliko jengo lenyewe kwa karne nyingi.

Mkiwa na muda, dakika chache kwa miguu ipo sinagogi nyingine ya zamani, Santa María la Blanca. Toledo ilikuwa na sinagogi nyingi, zilizosalia ni hizi mbili. Ile ina tiketi yake, na ni kitu tofauti kabisa: nguzo 32 nyeupe za pembe nane, matao ya umbo la kiatu cha farasi safu kwa safu, vichwa vya nguzo vimechongwa matunda ya msonobari. Ukisimama pembeni utadhani umeingia msikiti wa Andalusia. Picha zake hutoka nzuri zaidi, na naona ndiyo sababu vikundi huipa muda mrefu kuliko El Tránsito. Mimi nimeipenda, lakini dakika 15 zilinitosha kuielewa. El Tránsito hata saa tatu hazikutosha.

Kwa hiyo nyota zangu ni tano kwa jengo. Kwa ile safari ya kikundi, nyota moja. Kama mnanunua safari ya Toledo, ulizeni mapema mtapewa muda gani humu ndani. Chini ya saa moja msikubali, nendeni wenyewe. Anzeni na ukuta wa mashariki mkiwa mmesimama mbali, karibu na mwisho wa ukumbi, muuone wote. Kisha sogeeni polepole. Anayesoma Kiarabu atafute alif kwenye majani. Anayesoma Kiebrania, naomba aniandikie hapa chini mstari ulio juu ya kona ya kaskazini-mashariki ni Zaburi ya ngapi, maana nimeupiga picha mara sita na bado nautamani.

Tiketi ya Córdoba nimeshakata. Huko ipo sinagogi nyingine, ndogo sana, ya mwaka 1315, yenye nakshi za jasi ukutani. Safari hii darubini ni ya ami, amenitumia yake ya baharini.