Nilimpeleka binti kwa goti, nikarudi na presha

Nyota moja, na hiyo ni ya mlinzi wa getini aliyembebea mwanangu begi mpaka mapokezi. Jina la kliniki silitaji, sitaki kesi, ada za shule zinanitosha. Ni moja ya hizi kliniki binafsi za mifupa zilizojaa Dar siku hizi: kiyoyozi, televisheni ukuta mzima, sakafu inang'aa mpaka unaona haya kuikanyaga. Na jengo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni maneno aliyoyasema daktari mle ndani, na mpaka leo nikiyakumbuka napandwa.

Binti yangu yuko darasa la sita, anacheza netiboli, mfungaji. Shuleni kwao ikitajwa UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, jina lake huwa la mwanzo kuandikwa. Uwanja wao ni saruji tupu, mtoto anaruka na kutua hapo kutwa. Kipindi kile cha baridi goti la kulia likaanza. Mwanzo lilikuwa linauma baada ya mechi tu, baadaye hata ngazi zikawa shida, mwisho akawa hawezi kulipigia chini. Chini ya pia ya goti pakatokeza kinundu kigumu, ukikipapasa kama gololi imefichwa ndani ya ngozi. Bibi yake akasema hiyo ni baridi yabisi, akaleta mafuta ya karafuu akakichua, mtoto akapiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Mimi nilikuwa na hofu yangu nyingine, selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, maana kwa ndugu za baba yake wapo wenye nayo. Ndiyo nikasema hapana, twende kwa wataalamu.

Tukaingia. Mtoto akasema, "Shikamoo, daktari." Kimya. Daktari na simu yake, kidole kinapanda na kushuka. Mtoto akarudia, akidhani hajasikika. Kimya. Nikaeleza mimi tatizo. Bila kuinuka kitini, bila hata kumwambia mtoto apandishe sketi goti lionekane, akaandika eksirei na vipimo vya damu. Tukalipa, tukazunguka, tukakaa kwenye foleni, tukarudi. Akainyanyua picha kwenye mwanga, akaiweka mezani, akasema hivi: "Mama, hapa hamna kitu, ni ukuaji tu. Mabinti wa umri huu wana visingizio. Mpe kazi za nyumbani, apige deki wiki nzima, uone hilo goti litakavyopona."

Akacheka. Nesi naye akacheka, kumfurahisha bosi. Mwanangu aliinamisha uso akawa anavuta uzi wa soksi yake.

Huyu ni mtoto aliyewahi kumaliza mechi kidole kimeteguka ndipo akasema. Huyo ndiye wa visingizio? Na hiyo deki, kwetu si ya fimbo ndefu, ni tambara, ndoo na magoti chini. Yaani mtu amekuja goti halipigiki chini, dawa anayoandikiwa ni kupiga magoti! Nimeuliza acheze au asicheze, nikajibiwa aache michezo yote mpaka atakapokua. Mpaka lini? "Mpaka akue, mama." Mgonjwa anayefuata.

Dirisha la dawa wakatupa kifaa cha kuvaa gotini, kile chenye vyuma pembeni, shilingi 120,000. Cha mtu mzima. Mtoto hakufika hata getini, kilikuwa kimeshuka kwenye kisigino. Kurudisha hawapokei, vifaa vya tiba havirudishwi, kibao kimebandikwa. Basi, hilo nimelimeza.

Sasa hapa ndipo nyota zangu zinapoanza kuyumba. Kwenye ile karatasi kulikuwa pia na "mazoezi tiba", nami kwa hasira nilitaka kuondoka, lakini hela ilishalipwa. Chumba chenyewe kiko nyuma kabisa, mikeka chini, feni inayolia. Tukamkuta dada mmoja mdogo tu, nilidhani yuko mafunzoni. Akaitikia marahaba. Akakaa chini kwenye mkeka, akamwambia binti, si mimi, "Mdogo wangu, nionyeshe kwa kidole kimoja panapouma." Mtoto akaweka kidole palepale kwenye kinundu. Akambonyeza taratibu, akamlaza kifudifudi, akamkunja mguu kisigino kielekee makalioni. Wa kushoto ulifika karibu, wa kulia ukagoma njiani. "Umeona, mama? Msuli wa mbele wa paja umekaza."

Kisha akaanza maswali ambayo yule wa viyoyozi hakuyauliza hata moja. Usiku maumivu yanamwamsha? Ana homa? Goti zima linajaa? Anachechemea hata siku ambayo hajacheza? Na nyonga? Akamzungusha mguu kwenye nyonga, akisema kuna watoto wanalalamika goti kumbe ugonjwa uko juu huko, na huo haungoji. Kwetu yote yalikuwa hapana.

Akanieleza kwa lugha ninayoielewa. Mtoto akirefuka ghafla, mifupa inatangulia na msuli unabaki nyuma. Msuli wa paja unashuka kwa kano kupitia pia ya goti mpaka unajishika juu ya muundi, na hapo kwa mtoto bado ni gegedu, hapajakomaa kuwa mfupa. Kila akiruka, kano inapavuta, panavimba, panauma, mwili unajenga kinundu. Wasichana huwapata mapema kuliko wavulana kwa sababu wao huanza kurefuka mapema. Akaandika nyuma ya risiti yangu: Osgood-Schlatter. Ni majina ya madaktari wawili, mmoja wa Boston na mwingine wa Zurich, kila mmoja kivyake aliueleza ugonjwa huu mwaka 1903. Mwaka 1903! Zaidi ya miaka mia watu wanajua kwamba si kisingizio, na mtu na digrii zake ukutani anamcheka mtoto wangu.

Kuacha michezo yote, alisema, si lazima, kinachotakiwa ni kupunguza. Kuruka na kukimbia kwa kasi kupungue, mazoezi ya kulenga goli akiwa amesimama yaendelee. Maumivu madogo yanayokwisha kesho yake asubuhi yanavumilika; yakilala naye mpaka kesho, kazi ilizidi. Barafu iliyofungwa kitambaa, kama robo saa baada ya mchezo, isiguse ngozi moja kwa moja. Mimi nauza barafu za ubuyu, kwa hiyo friza ninayo, na mdogo wake sasa anagombana naye kuwa anamalizia biashara. Kukaza paja mguu umenyooka, kuegemea ukuta kama aliyekalia kiti ambacho hakipo, kunyoosha msuli wa mbele na wa nyuma wa paja, polepole, kila siku. Kuchua kinundu, marufuku, na hili nilimpigia bibi yake simu palepale alisikie mwenyewe. Na kwenye swala aweke mto chini ya magoti. Yule dada ndiye pekee aliyefikiria kwamba huyu mtoto anasujudu.

Ile mashine ya vyuma akaitazama, akanyamaza kwa adabu. Akasema wengine husaidiwa na mkanda mwembamba wa kufunga chini ya pia ya goti, wengine hauwasaidii, tujaribu. Tulinunua Kariakoo kwa hela ambayo kule kliniki hainunui hata bahasha ya picha. Wetu umesaidia.

Basi nyota tatu? Nilishafika huko, wallahi. Na kuna jambo lazima nimpe daktari haki yake hata kama linanikera: alichosema ndicho. Ni ukuaji. Na kwenye zile damu alipima selimundu, hana, nikalala usingizi siku ile. Ila hakuniambia kwamba amepima! Nimeliona mwenyewe kwenye karatasi ya maabara, nimesimama kituo cha daladala. Mama mzazi ameingia na hofu hiyo kifuani, jibu liko mezani kwako, unamwambia habari za deki?

Mtoto sasa hivi yuko vizuri kwa kiasi. Kuna wiki anacheza mechi nzima, kuna wiki anatolewa kipindi cha pili analia kwa hasira. Mwalimu wake wa michezo, Mungu ambariki, alielewa haraka kuliko yule daktari. Dada alituambia mapema kuwa inaweza kwenda mwaka na zaidi mpaka mfupa ukomae, na kinundu huenda kikabaki maisha yake yote bila kuuma. Afadhali kuambiwa.

Nilikuwa nimeshaamua ziwe tatu. Halafu safari hii ya mwisho tumekutana na daktari kwenye korido, mtoto kampa shikamoo tena, maana nimemlea hivyo, na yeye akasema, "Aa, wa deki huyu! Vyombo unaosha?" na kucheka kwake kulekule.

Moja. Inabaki moja, ya mlinzi. Dada wa mikeka simpi nyota hapa kwa sababu zitaingia kwenye hesabu ya huyo mtu. Mkitaka kumwona, nendeni asubuhi, mwambieni wa mapokezi mnataka mazoezi tiba moja kwa moja. Atawaambia lazima mpite kwa daktari kwanza. Kataeni. Mimi mara ya pili nilikataa, akaninunia, akanifungulia faili.