Elektrolisisi ya kidevu: nililipa ning'olewe kwa kibano

Naandika nikiwa na hasira na sitazisubiri zipoe. Kwa miezi mingi nilikuwa nalala kwenye kitanda cha mtu aliyejiita mtaalamu wa elektrolisisi, yaani kuua mizizi ya nywele kwa sindano yenye umeme, taa kali imenielekea usoni, nachomwa kidevuni, nalipa kila nikiinuka, na nywele ziko pale pale. Angekuwa ameniuzia kitu cha uongo ningesonya na kusahau. Kinachoniuma ni kwamba elektrolisisi ni ya kweli, na mimi sikufanyiwa.

Asinitokee mtu na habari za teknolojia changa, kwamba bado wanajifunza. Mwaka 1875 daktari wa macho wa St. Louis, Marekani, Charles Michel, alieleza jinsi alivyotumia sindano yenye umeme kuondoa kope zinazoota kuelekea ndani na kukwaruza jicho. Kama jambo hili liliwezekana ukingoni mwa jicho la mtu karne na nusu iliyopita, litashindikanaje kwenye kidevu changu leo?

Kazi yenyewe inaelezeka. Sindano nyembamba mno inaingizwa kwenye kinyweleo, sambamba na unywele, mpaka kwenye mzizi. Haitoboi ngozi, inapita kwenye tundu ambalo tayari lipo. Umeme unapita, mzizi unauawa, kibano kinatoa unywele. Kisha unaofuata, mmoja mmoja, hivyo hivyo mpaka muda wako uishe. Kuna umeme wa joto, ambao unamaliza kila unywele kwa muda mfupi sana. Kuna umeme wa polepole, ambao hugeuza chumvi na maji yaliyomo ndani ya kinyweleo kuwa sodiamu haidroksaidi, kemikali kali ile inayotengenezea sabuni, na hiyo ndiyo inayoula mzizi. Na kuna njia inayochanganya vyote viwili. Mimi sikuwahi kuambiwa natumiwa upi. Niliambiwa "mashine ni nzuri."

Sasa lililonileta hapa. Kazi ikifanyika sawasawa, unywele hautoki kwa kuvutwa. Mzizi ukishauawa, kibano kikishika, unywele unateleza wenyewe. Ngozi haiinuki, haishikilii, huhisi chochote. Unachokuwa umehisi ni ule mchomo wa umeme kabla yake. Lakini ukisikia unywele unavutwa, ngozi inapanda nao kidogo, halafu unachomoka kwa ule uchungu unaoujua tangu siku uliposhika kibano mwenyewe mbele ya kioo, ujue mzizi haujafa. Utaota tena. Umeng'olewa, hujatibiwa.

Mimi nilikuwa nasikia ngozi inapanda. Karibu kila unywele. Mashine inalia kidogo, nachomwa, kimya kifupi, halafu vuta. Mingine ilikuwa migumu hadi anaupinda mkono apate nguvu. Kwa wiki nyingi nikadhani ndiyo inavyotakiwa, kwa sababu hakuna aliyeniambia vinginevyo, na yeye ndiye alikuwa na kazi ya kuniambia. Nilipokuja kujua, nikamuuliza, tena kwa adabu kabisa: "Samahani dada, mbona nasikia kama unavuta? Nimesikia hazitakiwi kuvutwa."

Hakusimamisha mkono. Akasema, na sauti hakuishusha: "Wewe umekuja kuhudumiwa au umekuja kunisimamia? Wenzako wana ndevu kukushinda na wanalala hapo kimya."

Nyuma ya pazia kulikuwa na mtu anasubiri zamu yake. Kile kiti kililia alipojigeuza, kwa hiyo najua alisikia. Kama hujawahi kuwa mwanamke mwenye nywele kidevuni huwezi kujua neno lile linakata vipi likitamkwa kwa sauti na mtu mwenye kibano mkononi. Nimeishi miaka nikikaa upande wa chumba usio na dirisha, nikishika kidevu kila mtu akinisogelea kuzungumza, nikiwa na kibano kwenye kila mkoba. Pale ndipo mahali pekee nilipokubali mtu anitazame chini ya taa. Na pale ndipo nilipotangaziwa.

Nilinyamaza. Nikalipa. Nikarudi tena baadaye, kwa sababu nilikuwa nimeshalipia mbele, na hilo nalo nalisema wazi: mtu anayekudai ulipie mafungu ya miadi kabla hujaona matokeo anakufunga miguu. Usikubali.

Kila nikilalamika kwamba zimerudi, jibu lake lilikuwa hilo hilo: "Hizo ni mpya." Jibu hili lina ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo ndiyo nalichukia. Nywele haziko zote juu ya ngozi kwa wakati mmoja. Kuna zinazokua, kuna zinazojiandaa kudondoka, kuna vinyweleo vilivyolala havina kitu kinachoonekana. Ukisafisha zinazoonekana leo, baada ya wiki kadhaa zilizolala zitaamka, na zinafanana na zile za kwanza. Ndiyo maana eneo moja linahitaji kurudiwa kwa mwaka, hata mwaka na nusu au miwili, na miadi ya mwanzo huwa mirefu na ya karibu karibu kuliko ya mwisho. Atakayekuahidi kumaliza kwa mwezi muogope. Kwa hiyo mteja hana njia rahisi ya kujua: hii ni mpya, au ni ile ile iliyong'olewa? Anaambiwa avumilie, na mfumo mzima wa mwili wake unageuzwa kuwa kisingizio cha mtu asiyejua kazi.

Ila mimi nilikuwa na njia ya kujua. Upande wa kushoto wa kidevu nina kovu dogo la utotoni, na pembeni yake, pakigusana kabisa na ukingo wa kovu, huota unywele mmoja mnene, mweusi, uliojipinda. Hakuna mwingine pale. Ule siwezi kuuchanganya na jirani yake kwa sababu hana jirani. Ulitolewa miadi kwa miadi, na kila mara ulirudi na unene wake uleule. Unywele ambao mzizi wake umejeruhiwa bila kufa hurudi mwembamba, dhaifu, rangi imefifia. Huu ulirudi kama ulivyoondoka. Nilimwonyesha. Akasema, "Kama inakukera, nyumbani ng'oa tu."

Ng'oa tu! Hicho ndicho kitu kimoja ambacho mtu anayefanyiwa elektrolisisi haruhusiwi kufanya. Ukiung'oa, kinyweleo kinabaki kitupu na sindano haina unywele wa kuufuata hadi kwenye mzizi, na umepoteza wiki. Nta hapana, uzi hapana, kibano hapana. Katikati ya miadi unaruhusiwa wembe au mkasi, basi. Mtu anayetoa ushauri ule ama hajasoma, ama anajua vizuri kwamba anachofanya yeye mwenyewe ni kung'oa.

Niliacha. Nilitaka kuandika hapa kwamba msithubutu, kwamba hizi sindano ni wizi, na rasimu yangu ya kwanza ilikuwa hivyo. Halafu ndugu yangu akanishawishi nijaribu kwa mama mmoja mtu mzima, mpole, asiyeongea sana, na nikaenda kwa shingo upande nikiwa tayari kuinuka.

Aliniuliza maswali kabla ya kuwasha chochote. Je, siku zangu za mwezi zinakuja kwa mpangilio? Nimeongezeka uzito ghafla? Kuna dawa natumia? Nina kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo? Nikibaki na kidonda, ngozi yangu huvimba na kuacha kovu nene? Yule wa kwanza hakuwahi kuniuliza hata moja. Akanielekeza nikapimwe homoni, maana nywele nene za kidevuni kwa mwanamke mara nyingi zinatokana na homoni za kiume kuwa juu, na tatizo la ovari zenye vifuko vingi ni mojawapo ya sababu za kawaida. Sindano huua kinyweleo ilichokifikia. Haizuii homoni kuamsha vingine. Daktari na sindano wafanye kazi pamoja, la sivyo unafukuza kitu ambacho kinaendelea kuzalishwa. Niliudhika kusikia hili mara ya kwanza, si kwa sababu yake, ila kwa sababu ya miezi yote niliyopoteza bila mtu kunigusia.

Alinitazama nywele kwa kioo cha kukuza na kuniambia kitu kingine: nywele zinazojisokota, kama zangu, mara nyingi hata mzizi wake chini ya ngozi umepinda. Sindano inaenda moja kwa moja, mzizi uko pembeni. Joto la haraka likipigwa mahali mzizi haupo, linaunguza nyama bure. Kwa hiyo akatumia ile njia ya kuchanganya, kwa sababu ile kemikali inajaa kwenye kinyweleo na kufuata mkunjo wake. Ni polepole. Nywele chache kwa muda uleule. Kabla hajaanza akasema: "Mwanangu, ukisikia navuta, niambie hapo hapo, nitarudia." Maneno yale yale niliyotukaniwa kule!

Unywele wa kando ya kovu aliushika. Nilifumba macho nikisubiri ule mvuto. Haukuja. Nikadhani bado, nikauliza, akanionyesha juu ya pamba: upo, na mzizi wake umevimba mweusi mwishoni, umezungukwa na utando wenye unyevu, wa rangi ya maziwa. Sikuhisi umetoka. Wiki kadhaa baadaye ulirudi, mwembamba hata mwanga unaupita. Akaurudia. Kisha haukurudi tena.

Basi nasema inafanya kazi? Nasema hivyo, na papo hapo hasira zinarudi, kwa hiyo niwaambie na mabaya yake.

Inauma. Kidevu kinavumilika, chini ya taya panachoma zaidi, na watu waliomaliza mdomo wa juu wanasema chini ya pua machozi yanatoka yenyewe. Krimu ya ganzi yenye lidokeini husaidia ikipakwa mapema na kufunikwa, lakini uliza kwanza, na usijipake eneo kubwa. Baada ya miadi unakuwa mwekundu au mweusi zaidi pale palipoguswa, na uvimbe mdogo mdogo. Kesho yake huja vigaga vidogo. Usivibandue. Usipake vipodozi, usikae juani, usifanye kazi ya kukutoa jasho jingi mpaka ngozi itulie. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi hatari kubwa ni madoa meusi yanayobaki miezi, na kwa wenye asili ya keloidi, yaani makovu yanayovimba, kovu lenyewe. Mimi ninayo madoa, upande wa kulia, safu nzima, kwa sababu yule wa kwanza alikuwa anapiga vinyweleo vilivyokaribiana kwa siku moja bila kuacha nafasi. Huyu mama huruka: anachukua mmoja, anaacha wa jirani kwa ajili ya siku nyingine. Sindano hufunguliwa mbele yangu kutoka kwenye pakiti yake, na huitupa nikiona.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna anayekuandaa nalo. Ili kibano kishike, unywele lazima uwe umetokeza kidogo. Maana yake siku kadhaa kabla ya miadi hunyoi. Siku hizo unakwenda kazini, unaongea na watu, na unajua kinachoonekana. Kwangu hilo lilikuwa gumu kuliko sindano.

Wanaouliza kwa nini sikwenda kwenye leza, ile ya kuunguza nywele kwa mwanga: leza hufuata rangi nyeusi ya unywele. Wenye mvi au nywele nyepesi haiwaoni, na kwenye ngozi nyeusi mashine isiyofaa huunguza, ndiyo maana inatakiwa ile ya mawimbi marefu, Nd:YAG ya nanomita 1064. Wapo hata ambao usoni nywele huwaongezeka baada ya leza. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, huruhusu leza iitwe upunguzaji wa kudumu. Uondoaji wa kudumu ni jina la elektrolisisi. Kwa miguu mizima au mgongo, bado ningemwelewa anayeanza na leza, kwani kuchoma unywele mmoja mmoja kwenye eneo lile ni kazi ya miaka.

Nilisema mwanzoni kwamba njia ni ya kweli, na nashikilia. Kumpendekezea mtu kwa moyo mweupe, hilo limenishinda, kwa sababu wengi watalala kwenye kitanda cha kwanza, si cha pili, na hawatakuwa na kovu la kuwaonyesha ukweli. Nikifikiria yule aliyekuwa nyuma ya pazia, ndiye anayeninyima usingizi. Aliingia baada yangu. Labda mpaka leo anavutwa.

Kwa hiyo mwende. Au msiende kwanza: ombeni majaribio ya nywele chache tu, msilipie mbele, mlale macho, na wa kwanza ukivutwa semeni. Ukirushiwa maneno, inuka hapo hapo hata kama nusu ya kidevu imebaki.

Mdomo wa juu bado sijaanza. Huyu mama ameniambia tusubiri madoa yapungue, na kwa mara ya kwanza tangu nianze mambo haya nimekubali kusubiri bila kugombana na mtu. Fedha zangu za kule bado nazidai.